Ngoja Kwanza Ramadhani Ipite

Hapa Dar es Salaam hakuna mzalishaji aliyewahi kuukataa muswada wangu. Nalisema hili mapema msije mkadhani nalalamika. Wote wameupokea kwa mikono miwili, wote wameusifu kabla ya kuufungua, na wapo ambao mpaka leo wanaendelea kuusifu kabla ya kuufungua.

Ni kichekesho cha kamati ya harusi. Bwana harusi ameahidi mchango kwenye harusi yake mwenyewe, kisha akatoa nusu. Mweka hazina, mama asiye na mzaha na hela ya watu, akampa anachostahili: kadi ya singo. Siku ya sherehe maharusi wanafika ukumbini na matarumbeta, kijana wa mlangoni anaikagua kadi mbele na nyuma. "Kaka, hii singo. Uingie wewe au aingie shemeji, mkubaliane." Vurugu inaanzia hapo.

Kwa haki kabisa, kosa si la wazalishaji peke yao. Vichekesho vya Bongo vimelelewa mdomoni, si kwenye karatasi. Marehemu King Majuto, aliyetutoka Agosti 2018, alikuwa anavunja watu mbavu kabla hajasema neno; akivuta tu pumzi ya kukasirika, sebule nzima iko chini. Ukiwa na watu wa aina hiyo, unawapa wazo asubuhi, wao wanamalizia wenyewe mbele ya kamera. Ndiyo maana mzalishaji ukimkabidhi kurasa arobaini zilizopigwa chapa anazishika kama mwanaume aliyeachiwa kichanga cha jirani: kwa heshima, kwa woga, huku akitafuta wa kumrudishia. "Sasa humu anacheza nani?" ananiuliza. Namwambia bado hatujapanga, tuanze na hadithi. Hapo ndipo anapokumbuka ana kikao Mikocheni.

Serikali ndiyo inayonipa moyo. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 inataka anayeomba kibali cha kutengeneza filamu apeleke na maneno yatakayosemwa humo. Kwa hiyo nchi hii ina msomaji aliyewekwa na sheria, na mimi namtamani sana. Lakini kibali anaomba mtengenezaji, na mtengenezaji ndiye huyo yuko kikaoni.

Majibu ninayopata yana adabu zote za Pwani. "Nimeiona, mdogo wangu, nitakucheki." "Tuko pamoja." "Vuta subira, kitu chako kizuri." Nani atamkasirikia mtu anayemwambia tuko pamoja? Ukimbana zaidi anakutolea kalenda. Ngoja kwanza Ramadhani ipite, mtu aliyefunga hachekeshwi. Idi ikipita, watu hawana hela, zimeishia kwenye nguo za watoto. Halafu Sabasaba, kisha Nanenane, yuko mikoani. Desemba usiitaje kabisa, nusu ya mji imepanda Moshi. Januari ada za shule, na kabla hujamaliza kununua madaftari, Ramadhani hiyo inapiga hodi tena. Zinabaki siku chache mahali fulani karibu na Septemba, na hizo siku yeye yuko lokesheni, simu kaizima.

WhatsApp nayo imeongeza maumivu. Tangu ilete tiki za bluu mwaka 2014, msubiri majibu hana tena ile faraja ya kudhani barua imepotea njiani. Wazalishaji wajanja wamezizima, kwa hiyo wao ni kijivu masika na kiangazi. Mmoja ambaye hajazizima nimemgundua: ujumbe wangu hausomi, lakini stetasi zangu anaangalia zote. Nikaweka stetasi ya picha ya muswada. Akaiangalia. Nikaweka picha ya ugali na dagaa, akajibu kwa sekunde: "Umekula peke yako?"

Simu ikiita kwa namba nisiyoijua nakohoa kwanza, nakaa wima, napokea kwa sauti ya mtu mwenye mkataba. Mara zote ni tapeli. Huwa ni yule wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Siku moja nikamjibu kwa ujumbe kwamba hela sina ila nina kichekesho cha kadi ya singo, nikamsimulia. Akaandika: "Pole ndugu, Mungu atafungua njia." Nimepeleka muswada kwenye ofisi zenye viyoyozi na makochi, lakini aliyesoma na kujibu siku hiyo hiyo ni huyo tapeli.

Msomaji wangu mwingine ni kijana wa steshenari hapa Sinza. Nilimpelekea faili aniprintie, mashine ikakwama, na katika kuhangaika na karatasi akasoma tukio la mlangoni. Akacheka mpaka mteja aliyekuja kutoa kopi ya kitambulisho akaomba asimuliwe. Nikaondoka nimevimba kichwa.

Siku si nyingi baadaye niko kwenye daladala nimebanwa mlangoni. Abiria mmoja katoa nauli ya mtu mmoja, kapakata mtoto mkubwa kuliko begi lake. Konda akamwangalia. "Mama, hii singo. Uingie wewe au aingie shemeji, mkubaliane." Gari zima likalipuka. Mimi peke yangu sikucheka, nikatafuta pa kusema kwamba maneno yale ni yangu. Daladala si mahali pa kudai hakimiliki, hasa kama na wewe chenji yako bado iko kwa konda.

Wiki hiyo hiyo mama mwenye nyumba akanirushia video, juu yake imeandikwa kwamba imesambazwa mara nyingi. Vijana wawili nisiowajua, shela limetengenezwa na chandarua, na mlangoni kasimama mtu na kadi. Nikairusha kwa yule mzalishaji wa ugali na dagaa, bila neno.

Akajibu kabla sijaweka simu mezani. "Hahahaa! Hii kali! Aliyeandika hii namtafuta, ana kitu."

"Ni mimi, kaka. Ni ukurasa wa tisa wa ule muswada niliokutumia."

Akakaa kidogo. Juu ya kioo ikaonyesha anaandika, ikapotea, ikaonyesha tena anaandika. Mwisho ikaingia: "Aisee! Naomba unitumie upya, ile simu iliibiwa."

Nimemtumia. Na wewe msomaji, kama una kampuni, au una shemeji mwenye kamera ya harusi na wikiendi isiyo na kazi, muswada upo na steshenari wana nakala. Ukiusoma usiupende, niambie haufai. Napokea hata saa nane za usiku.