Barua ya Wazi kwa Wenye Timu za NFL: Ombi la Ofisi ya Msajili wa Magoti

Waheshimiwa wenye timu, pamoja na Bwana Kamishna Roger Goodell,

Poleni kwa hasara. Tunaambiwa kwamba goti moja la Colin Kaepernick, mchezaji wenu wa futiboli ya Kimarekani, lililogusa nyasi Septemba 1, 2016 wakati wa wimbo wa taifa, kupinga watu weusi kuuawa na polisi, lilitosha kuwafukuza watazamaji wenu wa televisheni kwa mamilioni. Msimu ule walipungua kwa takribani asilimia 8, na uliofuata wakapungua tena kwa karibu asilimia 10. Hata hesabu haijafungwa, jumba bovu lilikuwa limeshamwangukia mchezaji.

Ule mdahalo wa urais wa Clinton na Trump wa Septemba 26, 2016, uliotazamwa na watu milioni 84 huku ninyi mkiwa na mechi yenu ya Jumatatu usiku, haukuhojiwa. Kebo za televisheni walizokata vijana hazikuhojiwa. Wala haikuhojiwa mechi ya saa tatu na ushei ambayo mpira wenyewe huchezwa kwa dakika kama 11, muda mwingine wote ukigawanywa kati ya bia, magari na marudio ya picha. Lakini ninyi mlijua. Mwaka 2017 mlipunguza mapumziko ya matangazo kutoka matano hadi manne katika kila robo ya mchezo. Mtu anayeamini ugonjwa uko gotini hakimbilii kutibu matangazo.

Mwanzilishi wa Papa John's naye alilia kwamba pizza hazitoki. Hiyo ilikuwa Novemba 2017, na mkosaji akawa uongozi wenu kwa kushindwa kuyamaliza magoti mapema. Naomba ichunguzwe kama goti hilo lilizuia pia unga kuumuka.

Sasa ombi langu kubwa. Anzisheni Ofisi ya Msajili wa Magoti.

Naona umuhimu wake kwa sababu magoti yamejaa viwanjani mwenu na hayana mpangilio. Timu inayoongoza, dakika za mwisho, humwambia kwotabeki wake apokee mpira apige goti ili saa iishe. Hilo limo kwenye kanuni na washabiki hulipigia makofi. Kwotabeki Tim Tebow alipiga goti la sala mwaka 2011, likageuka mtindo hadi watoto wakaliiga. Mwenzao akiumia, wachezaji hupiga goti kusubiri machela. Yote hayo hayajawahi kumzimia mtu televisheni. La Kaepernick ndilo linalodaiwa kuzima, ingawa alilipiga kwa ushauri wa Nate Boyer, mwanajeshi wa zamani wa kikosi maalumu, aliyemwambia kwamba kupiga goti kuna heshima zaidi kuliko kukaa kwenye benchi.

Kwa hiyo Msajili atoe fomu, nakala tatu. Mwombaji ataje goti analokusudia, la kulia au la kushoto, na muda litakaokaa chini. Kwenye sehemu ya sababu kuwe na visanduku vya kuweka tiki: sala, jeraha, kumaliza saa, kufunga kamba za viatu, kuchumbia. Kisanduku cha watu weusi waliouawa na polisi kisiwepo, ili mwombaji ajionee mwenyewe kwamba hana sababu. Aambatishe picha mbili za pasipoti za goti husika, rangi ya nyuma iwe buluu, goti litazame mbele na lisitabasamu. Goti lililowahi kufanyiwa upasuaji lilete cheti cha daktari pamoja na barua ya mwenyekiti wa mtaa linakoishi. Pembeni ya uwanja awepo ofisa wa kupima nyuzi, mwenye filimbi na rula, maana kuna wachezaji wajanja wanaoweza kuinama tu.

Suala la mihuri lisiwaumize kichwa. Huku Afrika Mashariki tuna hazina ya makarani ambao muhuri wao haupatikani kwa sababu mwenye ufunguo wa droo amekwenda msibani. Tutawaazima kadhaa. Kwa mfano, Septemba 2017 Rais Trump aliposimama Alabama akataka mwafukuze wapiga magoti, Jumapili iliyofuata zaidi ya wachezaji 200 waligoma kusimama. Karani wetu mmoja angewaambia wote warudi kesho, na hiyo kesho ingewakuta wamekwisha kustaafu. Ingekuwa aibu ndogo kuliko ile kanuni yenu ya Mei 2018 ya kumficha asiyetaka kusimama katika chumba cha kubadilishia nguo, kanuni mliyoiweka kabatini Julai ileile.

Mengine ni madogo. Wahojiwe farasi wa Kentucky Derby, ambao mbio zao za Septemba 2020 zilipoteza watazamaji vibaya sana ilhali hakuna farasi aliyeonekana akipinga serikali. Itolewe pia risiti ya uzalendo: ripoti ya maseneta McCain na Flake ya mwaka 2015 ilionyesha kuwa jeshi lilikuwa likizilipa timu kwa baadhi ya zile sherehe za kuwaenzi askari uwanjani, na mwaka uliofuata mkarudisha zaidi ya dola 720,000. Tungependa kujua bei ya chozi moja wakati bendera inapokunjuliwa.

Oktoba 2017, katika kikao chenu, Bob McNair wa Houston Texans alisema wafungwa hawawezi kuachiwa waendeshe gereza. Aliomba radhi baadaye. Lakini takribani asilimia 70 ya wachezaji wenu wakati huo walikuwa weusi, na neno lilikuwa limeshatoka. Kichwa cha mchezaji mnakitaka kila Jumapili. Mdomo ulio kwenye kichwa hichohicho ndio unaowaudhi. Mwaka huohuo watafiti walichunguza bongo 111 za wachezaji wa zamani wa NFL, zilizotolewa baada ya wao kufa, wakakuta 110 zina CTE, ugonjwa unaotokana na kugongwa kichwa mara nyingi. Na kwenye fidia ya majeraha ya ubongo, vipimo viliruhusiwa kuanza na dhana kwamba mchezaji mweusi alikuwa na akili pungufu tangu mwanzo, hivyo akisahau majina ya wanawe ionekane hajapoteza kitu. Mliahidi kuuacha mtindo huo Juni 2021. Mlihitaji kuambiwa!

Tuyaache, barua hii ni ya heshima.

Niwapongeze kwa kupona. Watazamaji walianza kurudi msimu wa 2018, na Machi 2021 mkatia saini mikataba ya televisheni yenye thamani ya zaidi ya dola bilioni 100. Bwana Kamishna, Juni 2020 ulikiri kwamba mlikosea kutowasikiliza wachezaji mapema; jina la Kaepernick hukulitaja. Mkaandika kwenye nyasi maneno ya kukomesha ubaguzi, na kwenye Super Bowl ya Februari 2025 New Orleans maneno hayo hayakuwepo.

Hasara mliyodai Kaepernick ameileta imekwisha kulipwa mara nyingi. Mechi yake ya mwisho ilikuwa Januari 1, 2017, na hadi leo hakuna hata mmoja wenu aliyempa mkataba.