Asante, Mwalimu wa Mafanikio

Wanaowabeza wajasiriamali wanaofundisha mafanikio kwenye kumbi za hoteli hapa Dar es Salaam wana husuda tu. Mtu kaacha biashara zake zote (zipi, si adabu kuuliza) aje atuambie tuamke saa kumi alfajiri. Mama ntilie wa Kariakoo, ambaye saa hiyo maharage yake yameshaanza kuiva, angejuaje kwamba kuamka mapema ni siri ya matajiri?

Na afya! Tumehimizwa kuoga maji ya baridi, kutembea hatua 10,000 kwa siku na kutokula kitu hadi mchana. Machinga anayetembeza soksi kutoka Mnazi Mmoja hadi Buguruni kayafanya yote matatu miaka nenda miaka rudi, ila bila kusudi la maisha. Ndiyo maana hayakumsaidia. Mwaka 2018 vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kama yeye viliuzwa shilingi 20,000. Kwa fedha hizo, humu ukumbini hupati hata kiti cha nyuma.

Kilele ni malezi ya kibiashara. Unalipa, unaingizwa kwenye kundi la WhatsApp la wateule, na kila Jumatatu unatumiwa picha ya simba. Vijana wa gereji bubu, wanaofundwa na fundi wao bure huku wameshika spana, simba huyo hawamjui.

Kuhusu somo la kukua kwa makusudi, ushahidi upo: mwalimu alianza na ukumbi mdogo, sasa kakodi mkubwa. Sisi wanafunzi ni walewale, na awamu ya pili tumeshailipia.