Bondi Kaimba

Watu wa kijiji chetu cha Ijumbi wanamjua Pierce Brosnan kwa bastola. Alicheza James Bond mara nne, kuanzia GoldenEye ya 1995 hadi Die Another Day ya 2002, na kwenye banda la video jina lake mwenyewe halina kazi: ni Bondi tu. Kwa hiyo binamu yangu aliporudi kutoka Mwanza na Mamma Mia! kwenye flashi, akatangaza kwamba humo Bondi yumo, banda lilifurika hadi watoto wakakalishwa juu ya kreti za bia.

Hakudanganya. Ila hakusema kwamba filamu hiyo ya 2008 imejengwa juu ya nyimbo za ABBA, wale Waswidi wanne walioshinda Eurovision mwaka 1974, na kwamba humo ndani mtu akiguswa kidogo tu, anaimba. Meryl Streep anaimba huku akirukaruka kitandani. Wanawake wa kisiwa kizima wanaacha kazi, wanamfuata hadi gatini, wanajitosa baharini wakiimba. Nusu saa ikapita hajapigwa mtu hata kofi.

"Waitu, tulieni," mjomba akasema, akitafuna kahawa. "Bondi anawapeleleza."

Kisha Bondi naye akafungua kinywa. Aliimba kama mtu aliyekanyaga msumari. Wamarekani wa tuzo za Razzie, zile za kuwazomea wasanii, walimpa ya mwigizaji msaidizi mbovu kuliko wote. Ijumbi walimpa maganda ya karanga.

Mwalimu mmoja aliyekuwa likizo alijitolea kututafsiria, lakini kila wimbo aliufupisha vilevile: "Anasema anampenda, ila ana wasiwasi." Tukamkumbuka sana Lufufu, yule mtafsiri wa filamu za mabandani.

Kilichookoa jioni ile ni kesi yenyewe. Binti anakaribia kuolewa, anasoma shajara ya mama yake, anakuta wanaume watatu, yeyote kati yao aweza kuwa baba yake. Anawaalika wote harusini, mama hajui. Hapo banda likaamka! Kwa Mhaya, ukoo wa baba ndio unaokupa mwiko wako na kibanja chako. Hilo si jambo la kuchezea gitaa. Mama mkubwa akauliza kwa nini hawamkalishi mama mtu chini aseme. Mjomba akataka kujua mahari anapokea nani. Mwalimu alipojibu kwamba Wazungu hawatoi mahari, mjomba akamwambia hajui kutafsiri.

Bibi harusi ndiyo kwanza anafika kanisani, mtu akapiga ukelele nje: "Senene!" Panzi wetu wa kuliwa walikuwa wamejaa kwenye taa ya mlangoni. Banda likamwagika lote, mwalimu akiwa wa kwanza, kikombe cha chai mkononi. Mwenye banda alitoka na ndoo.

Waliporudi kuulizia matokeo, nikawapa: binti kaahirisha ndoa, mama ndiye kaolewa, tena na Bondi. Na baba? Hajulikani, wamekubaliana kila mmoja awe baba kwa theluthi.

"Hao hawana wazee," mjomba akahukumu, akaendelea kunyonyoa mabawa.

Filamu ni nzuri, na sauti ya Bondi imo katika uzuri huo. Kuna ya pili, ya 2018, ambamo yumo Cher. Mwenye nayo atuletee, ila asije nayo Novemba, mwezi wa senene.