YAH: PONGEZI KWA KUTUPATIA KIWANGO KIMOJA MARA MBILI

Shirika la Kimataifa la Viwango (ISO),
Geneva, Uswisi.

Waheshimiwa,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni karani wa masjala. Nafungua kwenye kompyuta yetu nyaraka zilizoandikwa kwenye kompyuta za wengine, kwa hiyo nina deni la shukrani kwenu. Mwaka 2006 mlipitisha kiwango cha nyaraka kiitwacho ODF, ili waraka wa programu hii usomeke kwenye programu ile. Mtu mvivu angeishia hapo. Nyinyi mwaka 2008 mkapitisha kiwango cha pili cha kazi ileile, OOXML, kilichotoka Microsoft kupitia shirika la viwango la Ecma kikiwa na kurasa zipatazo 6,000. Kilipita njia ya haraka. Hapa kwetu dokezo la ukurasa mmoja la kuomba wino wa printa halijawahi kupata bahati hiyo.

Kabla ya kupita, kura yake ya Septemba 2007 haikutosha, na wanachama wakaleta maoni 3,522. Mkawaita wajumbe Geneva kwa siku tano, wapitie majibu ya maoni hayo, zaidi ya 1,000. Mengi yalipigiwa kura kwa mkupuo, bila kujadiliwa. OOXML ilipopita, Afrika Kusini, Brazil, India na Venezuela zikakata rufaa, rufaa zao zikatupwa.

Nawapongeza zaidi kwa kuwavumilia wazee. Rasimu mliyoletewa ilikuwa na kipengele cha kupanga nafasi za herufi jinsi Word 95 ilivyozipanga, bila kueleza ilizipangaje. Tena ilitaka lahajedwali ihesabu 1900 kuwa mwaka mrefu, ingawa Papa Gregory wa 13 alishaufunga mjadala huo mwaka 1582. Kosa lilikuwa la programu ya lahajedwali ya Lotus 1-2-3. Excel ikalinakili kwa makusudi ili mafaili ya Lotus yaingie bila ubishi. Hata leo, andika 60 kwenye Excel, igeuze iwe tarehe: utapewa 29 Februari 1900, siku ambayo hakuna aliyezaliwa wala aliyefiwa. Kikao chenu cha Geneva, kwa bahati, kilifungwa 29 Februari 2008, ambayo ilikuwepo.

(ODF nayo si malaika. Toleo mlilolipitisha 2006 halikueleza fomula za lahajedwali ziandikweje, kila programu ikajiandikia zake.)

OOXML mkaigawa: toleo kali, na toleo la mpito lenye kubeba mazoea ya kale kwa ajili ya nyaraka za zamani. Busara tupu. Ila Microsoft Office, usipoiamuru vingine, huhifadhi hata barua ya leo asubuhi kwa toleo la mpito. Kwa hiyo likihama kutoka programu moja kwenda nyingine, jedwali la bajeti hufika limevunjika mbavu, na saini ya mkurugenzi imeshuka ukurasa wa pili peke yake. Wenye haraka wameshagundua kiwango cha tatu: wanachapa, wanagonga muhuri, wanapiga picha kwa simu, wanatuma WhatsApp. Hicho hakikuhitaji kura.

Naomba basi nijulishwe mpito huu unaisha lini. Hata kama ni 30 Februari, nitaridhika, mradi jibu lije kwa muundo unaofunguka.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Karani wa Masjala