Mabega Yaliyosahauliwa

Aghalabu video za muziki zitokazo Kitale na Bungoma, magharibi mwa Kenya, huwa za namna mbili. Ya kwanza ni ile ambayo msanii, aliyevaa miwani ya jua ilhali mawingu ya Mlima Elgon yametanda, huegemea gari la kukodi mbele ya hoteli ambayo hakupata kulala. Ya pili ndiyo iitwayo ya utamaduni: litungu, kinubi cha Wabukusu walio miongoni mwa Waluhya, hushikwa na kijana ambaye vidole vyake havigusi uzi hata mmoja, madhali sauti imekwisha kutengenezwa katika kompyuta, na nyuma yake wasichana hucheza kamabeka, ngoma ya mabega kama jina lake linavyosema, walakini mpiga picha, sijui kwa ujuzi gani, hayaoni mabega kabisa, na macho ya kamera yake hukaa chini ya kiuno hadi wimbo umalizike.

Tusiwalaumu wasanii hao peke yao. Vichekesho vya televisheni za Nairobi vimemfanya Mluhya, kwa miaka mingi, kuwa bawabu au mpishi mwenye matamshi mazito na uchu wa ugali na kuku. Na Kitale, mji wa kampuni ya mbegu iliyoasisiwa mwaka 1956, ambao mahindi ya mashamba yake huliwa na watazamaji hao hao wanaocheka, haujulikani katika vichekesho hivyo ila kwa mtu aliyeshuka basi kuomba kazi ya langoni. Basi kijana akiona afadhali kuegemea gari la watu, ana udhuru. Ila asilifungue mlango, maana kuketi ndani kuna malipo yake.