Shangazi Seva Anajibu

Wiki hii barua zimejaa kilio cha kufungiwa mlango. Nimechagua nne. Wenye matatizo ya printa mnisamehe, printa ni suala la waganga.

*Shangazi, mimi ni mhasibu. Miaka mitatu seva ya hesabu inanifungulia kila asubuhi bila hata kuniuliza nenosiri. Wikendi fundi kahamishia kanzidata kwenye seva mpya. Jumatatu nafika, naambiwa kosa 18456, kuingia kumeshindikana. Nimeikosea nini? Aliyesusiwa, Morogoro*

Mwanangu, hujaikosea. 18456 ni kama "hayupo" ya mlinzi wa getini: haikuambii kitu, na imefanywa hivyo makusudi, mwizi asijue kama alichokosea ni jina au nenosiri. Kwenye skrini yako SQL Server itaandika hali namba 1, liwe liwalo. Ukweli inajiandikia yenyewe ndani, kwenye faili la ERRORLOG. Mwambie fundi alifungue, atafute jina lako. Hali 8 ni nenosiri limekosewa. 38, getini umepita ila kanzidata uliyoitaja haifunguki. 5, jina lako halimo kabisa.

Nakisia ni 5. Ndani ya SQL Server kuna ruhusa ya geti na ruhusa ya chumba. Ya chumba husafiri ndani ya kanzidata. Ya geti hukaa kwenye master, kanzidata ya seva yenyewe, na master imebaki kwenye seva ya zamani. Fundi wako kahamisha vyumba, daftari la mlinzi kalisahau. Akikuandikisha upya getini kwa akaunti yako ya domeni, chumba kitakukumbuka chenyewe, maana namba yako ya utambulisho, SID, hutoka kwenye domeni na haijabadilika. Wenye akaunti zilizotengenezwa ndani ya SQL Server ndio wenye kazi: wakiandikishwa upya hivi hivi, hata kwa jina lile lile, hupewa SID nyingine, na chumba huwakana mchana kweupe mpaka fundi awaunganishe kwa amri ya ALTER USER.

*Nimeingizwa kwenye kundi lenye ruhusa tangu saa tatu asubuhi. Saa nane bado nakataliwa. Fundi anaapa kaniweka. Mwenye Haraka*

Anasema kweli. Orodha ya makundi yako kompyuta iliichukua ulipoingia asubuhi, na bado inatembea na ile ile. Toka kwenye akaunti, uingie tena. Kufunga skrini ukaenda kunywa chai si kutoka.

*Shangazi, mimi ndiye fundi. Kwenye SQL Server nina cheo cha sysadmin. Folda ya bakapu iliyoko kwenye seva ya mafaili naifungua, naandika, nafuta. Nikiagiza bakapu iende huko: kosa la 5, imekataliwa. Mbele ya bosi! Mwenye Funguo Zote*

Funguo ni zako, lakini mbeba mzigo si wewe. Wewe umeagiza tu. Anayeandika faili ni akaunti inayoendesha huduma ya SQL Server, na folda hiyo haimjui. Kama akaunti yenyewe ni NT SERVICE\MSSQLSERVER, yaani wakati wa kusakinisha hukugusa kitu, basi kwenye mtandao hujitambulisha kwa jina la mashine lenye alama ya dola mkiani: OFISI\SEVA02$. Huyo ndiye wa kupewa ruhusa ya kuandika, kwenye kushea na kwenye folda yenyewe pia. Zikipingana, iliyo kali ndiyo inayoshika. Na Windows ikikuambia jina hilo halipo, usishtuke. Dirisha lile la kutafuta huwa halitafuti kompyuta mpaka ufungue orodha ya aina uziwekee tiki. Mimi tiki hiyo ilinila mchana mzima. Nilimlaumu mtu wa mtandao, na kesho yake nikamnunulia chipsi mayai.

*Bosi amechoka na malalamiko. Anataka kila mtu apewe sysadmin, tuishi kwa amani. Niwape? Katikati ya Moto*

Sysadmin haulizwi ruhusa. Hata ukimwekea katazo la DENY, halimshiki. Siku moja mtu wa mapokezi atafuta kanzidata ya mishahara akidhani ni ya majaribio. Bosi akishikilia, mwombe siku mbili tatu. Tunasubiri Mwenye Funguo Zote atuandikie kama bakapu yake imefika.