Jinsi ya Kuwa Mheshimiwa Msambweni

Basi umestaafu Nairobi, kiinua mgongo kimeingia benki, na usiku mmoja umeota unaitwa mheshimiwa. Karibu nyumbani. Ubunge wa Msambweni si mgumu kwa anayejua njia, na njia yenyewe haianzii kwenye ofisi za tume ya uchaguzi. Inaanzia matangani.

Tafuta hitima, iwe Gazi, Kinondo au Ukunda. Kwamba marehemu hukumjua si neno, maana yeye hapigi kura. Vua viatu uketi mkekani. Hapa ndipo watarajiwa wengi hufeli: viti vya ofisini vimewasahaulisha kukunja miguu, na dua haijafika nusu, mguu umeshakufa ganzi. Vumilia, wazee wanakutazama. Sinia ya pilau ikiletwa, tia mkono pamoja na wenzako wala usiulizie kijiko. Aliyeomba kijiko huitwa Bwana Kijiko mpaka kufa, hata akijenga zahanati tatu. Ukipewa nafasi ya "kusalimia tu", salimia kwa Chidigo, hata kama kimeshika kutu, kisha mtaje babu yako kwa jina. Sera hazina haraka. Zikikosekana kabisa, hakuna atakayeziulizia.

Sasa ahadi. Kosa la wageni wa siasa ni kuahidi kitu kinachoweza kukamilika. Tazama Dongo Kundu. Kwa miaka mingi waheshimiwa walipanda majukwaani kutuahidi barabara ya kutuepusha na feri ya Likoni, na kila uchaguzi tukapiga vigelegele upya. Leo magari yanapita, na ahadi nzuri kama ile imeharibika moja kwa moja. Wewe shika hati miliki. Maskwota walikuwepo kabla hujazaliwa, na ijapokuwa mwaka 2013 serikali ilitangaza hati 60,000 kwa Pwani nzima, bado mkutanoni ukitamka neno "ardhi" hata waliolala chini ya mwembe huamka. Ila usiulize kwa sauti ploti za ufukweni Diani ni za nani. Huenda mmoja wa wenyewe ndiye atakayekutilia mafuta ya msafara.

Titanium nayo ingali na uhai. Base Titanium ilianza kuchimba 2013 ikafunga mgodi Desemba 2024, lakini mchanga kuisha si sababu ya ahadi kuisha. Sheria ya Madini ya 2016 inaitengea jamii asilimia 10 ya mrabaha. Waambie utafuatilia. Anayefuatilia haulizwi amefika wapi.

Kuhusu chama, usijifunge. Salim Mvurya aliupata ugavana wa Kwale 2013 kwa ODM, akaurudia 2017 kwa Jubilee, halafu akahamia UDA, na 2022 akawa waziri. Waweza hata kwenda bila chama. Kwenye uchaguzi mdogo wa tarehe 15 Desemba 2020, uliofuata kifo cha mbunge Suleiman Dori, Feisal Bader alisimama kama mgombea huru, nyuma yake akiwa William Ruto, naibu wa rais wakati huo. Omar Boga wa ODM alinadiwa na Raila Odinga. Vigogo wa Nairobi walikuja kupimana nguvu kwetu, na kwa wiki kadhaa tukajiona kitovu cha Kenya. Bader akapata kura 15,251, Boga 10,444. Mwaka 2022 Bader yule yule aliyekuwa huru alirudi bungeni kwa tiketi ya UDA. Kwa hiyo ukichapisha fulana, jina lako liwe kubwa na nembo iwe ya kubandika na kubandua.

Fulana zenyewe ni za vijana. Akina mama wataka leso, na hapa nina neno la ndani. Usichapishe sura yako katikati ya leso. Najua mshauri wako amesema picha itakaa nyumbani kwa mpiga kura miaka mitano. Kweli itakaa, na itakaliwa pia: jioni mama atajifunga leso yake, aketi juu ya mbuzi akune nazi, na sura yako itakuwa imebanwa baina yake na ubao mpaka tui litoke. Zilizochakaa hugeuka nepi.

Pesa taslimu, hasha, huruhusiwi. Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 inawabana mtoaji na mpokeaji. Ndiyo maana kwetu hakuna anayehongwa. Kuna nauli, kuna ya soda, kuna mafuta ya bodaboda ya kukusindikiza hadi uwanjani, na kuna wazee waliotoka mbali ambao si adabu kuwarudisha mikono mitupu. Bahasha mpe mtu mmoja agawe. Ikifika kwa wenyewe imekonda, lawama ni zako.

Watakupokea vizuri mno. Wataimba jina lako, watakuombea dua, na kila baraza utakayopita watakuambia wewe ndiwe mtoto wao. Usiulize mpinzani wako aliyepita jana aliambiwa nini. Kila mpiga kura hupewa karatasi sita, na ya mbunge ni ile ya kijani. Kwenye kile kibanda cha kadibodi huingia peke yake, na nauli yako tumboni haimwongozi mkono.

Siku ni Jumanne, tarehe 10 Agosti 2027. Ila kabla hujachapisha hata bango moja, nenda ukahamishe usajili wako wa kura. Bado uko Lang'ata, na kwa hali ilivyo huwezi hata kujipigia mwenyewe.